Kabla hujaenda kujitolea Komoro, jipange hivi

Watu wa Dar tukisikia kujitolea nje akili inakimbilia Ulaya, kumbe saa moja na kitu tu kwenye ndege ushatua Moroni na uko nje ya nchi tayari. Mi nilienda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, kusaidia vipindi vya Kiingereza na Kiswahili na kilichonisumbua zaidi ni kule kufanana na kwetu. Unasikia karibu, unasikia maji, unaletewa kisamvu cha nazi ambacho wao wanakiita mataba, unajiachia kama uko kwa shangazi Unguja, alafu wiki ya pili ndo unagundua ushakwaza watu watatu.

Chukua lugha. Kule marahaba ndo asante. Siku ya kwanza nimembebea mwalimu mwenyeji madaftari akaniambia marahaba, nikabaki namtazama, nani kamwamkia huyu? Mkubwa unamwamkia "kwezi" na yeye anaitikia "mbona", sasa na Kiswahili chako kichwani unadhani unagombezwa. Kwa hiyo hata kabla ya tiketi tafuta Mngazija, Dar na Unguja wapo wengi na ni majirani zetu wa siku nyingi, MOLINACO chama chao cha kudai uhuru kilianzia hapa hapa Tanganyika miaka ya 60, mkae jioni mbili tatu akupe salamu na adabu zake. Utaona ch yetu kwao mara nyingi ni sh, chakula shahula, chuo shio. Uliza pia unapelekwa kisiwa gani, maana Ngazija, Nzuani na Mwali kila kimoja kina lahaja yake. Na tafadhali usimrekebishe mtu eti anaongea Kiswahili kibovu, hicho ni Shikomori, lugha rasmi ya nchi yao pamoja na Kifaransa na Kiarabu.

Sasa hili la pili nitalikalia kidogo: nani kakuita? Walionipeleka mimi waliniambia shule inanisubiri kwa hamu, nafika mkuu wa shule ndo kwanza anasikia jina langu, akanipa darasa kwa heshima tu, na lile darasa lilikuwa na mwalimu wake ambaye sasa akawa anakaa kwenye kiti nje ananisubiri nimalize. Aibu niliyoisikia bado ninayo. So omba barua kutoka shuleni kwenyewe, sio kwa hao wanaokusafirisha tu, inayosema utafundisha darasa lipi, saa ngapi kwa wiki, na mwalimu gani wa pale utakuwa naye ndani. Uliza na mishahara ya walimu ikoje, maana migomo ya walimu kule sio habari mpya, na siku wamegoma wewe mgeni ukajifanya una moyo ukaingia kufundisha hapo utakuwa umewavunjia wenzako mgomo na hawatakusahau.

Jua pia mtoto unayemkuta amebeba nini. Nyumbani Shikomori, shioni, yani chuo cha Kurani kwa fundi (mwalimu wao wa dini), Kiarabu na herufi zake, shule Kifaransa kwa mtaala wa mtindo wa Ufaransa mpaka bak, mtihani wa kumaliza sekondari, sasa wewe unakuja kumuongezea lugha ya nne, punguza spidi. Kilichonisaidia ni ubao: naandika neno la Kiswahili, wao wanaandika lao pembeni, tunabishana. Siku ya chuo na shio kipindi kizima kiliisha hapo na mwalimu mwenyeji ndo aliongea kuliko mimi, na ilikuwa sawa kabisa.

Muda wa kwenda nao una mambo yake. Julai na Agosti shule zimefungwa na ndo msimu wanaorudi ndugu zao kutoka Ufaransa, wanawaita jeviens, harusi kila kona, tiketi juu, vyumba juu. Ngazija kuna anda, harusi kubwa ambayo mtu anaijengea akiba miaka na miaka ili ahesabike mtu mzima mbele ya mji. Ukialikwa nenda, vaa vizuri, kula, na usianze kupiga hesabu za hela zao kwa sauti kama nilivyofanya mie. Ramadhani nayo iangalie kwenye kalenda mapema, nchi nzima ni Waislamu takriban wote, kula barabarani mchana sahau. Na ukifika Nzuani ukasema mi Mtanzania utapewa stori ya Machi 2008, wanajeshi wetu na wa Sudan walivyoingia na Umoja wa Afrika kumtoa kanali Mohamed Bacar aliyekuwa ameking'ang'ania kile kisiwa. Kuna wanaoshukuru na kuna walionuna. Sikiliza tu.

Hela: beba euro za karatasi. Faranga yao imefungwa kwenye euro, 1 kwa 492 hivi, haikupi presha, ila shilingi yako utaishia kuikunja na usitegemee M-Pesa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, neti, dawa zako za kutosha siku zote. Adapta ya plagi, kwao ni zile za mviringo pini mbili za Kifaransa, yetu ya pini tatu haiingii.

Maji ndo watu wanayapuuza. Ngazija haina mito ya kudumu, vijijini wanakinga mvua kwenye visima vya saruji, na mlima Karthala ulipolipuka 2005 majivu yaliingia humo humo kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo ndoo unayoogea wewe mgeni ni mvua ya mwenyeji wako, oga kwa kopo. Novemba mpaka Aprili ni vimbunga, Kenneth ya Aprili 2019 ilibomoa na madarasa, acha ratiba yako iwe na nafasi ya siku za kukwama. Kwenda kisiwa kingine panda ndege au meli inayojulikana, zile boti ndogo za kwassa-kwassa zinazokimbiza watu Maore (Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa) usiku usizisogelee hata kwa stori, watu wanakufa humo.

Picha za watoto omba mzazi, na asipojibu hiyo ni hapana.

Na panga kuondoka kabla hujafika. Wiki mbili za mwisho mi nilikaa dawati la nyuma, yule mwalimu wa kiti cha nje akawa anafundisha na zile kadi tulizochora pamoja, mie kazi yangu kugawa chaki.