Gesi yenye haidrojeni ughaibuni, na mtungi wa mama Kikwajuni

"Ati huko kwenu siku hizi gesi wanaitia maji?" Mama aliniuliza hivyo jikoni kwake Kikwajuni, Unguja, nikiwa likizo, huku akipalia makaa juu ya kifuniko cha mkate wa kumimina. Jirani yake ana mtoto Uingereza, na habari ndiyo ilivyofika.

Hakukosea sana. Kinachochanganywa na gesi asilia ya mabomba, ili kaboni ipungue, ni haidrojeni, nayo hupatikana kwa kupasua maji kwa umeme. Ila nyingi inayotengenezwa duniani leo bado inatokana na gesi asilia, na hiyo haina usafi wa kujisifia.

Kwa mnaoishi Uingereza, jambo la kwanza: hii ni kazi ya wenye mabomba, wewe hubadilishi kitu. Kati ya 2019 na 2021, Chuo Kikuu cha Keele kilitumia mchanganyiko wenye haidrojeni hadi asilimia 20 kwa ujazo, katika nyumba 100 na majengo ya chuo. Kikafuata kijiji cha Winlaton karibu na Gateshead, nyumba zaidi ya 600. Majiko yalikuwa yaleyale na boila, mitambo ya kupasha maji na nyumba joto, zilezile. Vifaa vya gesi vinavyouzwa huko tangu miaka ya 1990 hujaribiwa kwa gesi yenye haidrojeni asilimia 23. Kwa hiyo akigonga mtu mlangoni akasema ununue boila mpya haraka kabla haidrojeni haijafika, muombe kitambulisho cha Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na siku hiyo usitie saini popote.

Hiyo asilimia 20 nayo isikuzuge. Haidrojeni ina kama theluthi tu ya joto la gesi asilia kwa ujazo uleule, kwa hiyo kaboni inayopungua ni kama asilimia 7. Si haba, lakini si miujiza. Mita itazunguka zaidi kidogo, maana ujazo uleule sasa una joto pungufu; bili lakini huhesabiwa kwa kilowati-saa, yaani kwa nishati, si kwa mita za ujazo peke yake. Desemba 2023 serikali ya Uingereza ilisema inaunga mkono kimsingi mchanganyiko huo kwenye mabomba ya mitaani.

Sasa njoo Unguja, ambako wengi wetu tunakosea. Hapa hakuna bomba la gesi la majumbani, kuna mtungi, na gesi yake ni nyingine kabisa. Mimi nilipakia kwenye kontena jiko langu zuri la ughaibuni nimletee mama. Fundi akalifunga kwenye mtungi, akawasha, moto ukaruka mwekundu hadi juu ya sufuria, na chini yake masizi ya kukwangua kwa kisu. Jiko la bomba lina vitundu vipana vya kutolea gesi. La mtungi linataka vyembamba. Kabla hujasafirisha, uliza kama jiko lako lina seti ya kubadilishia vitundu, na uitie ndani ya kontena. Isipokuwepo, tuma pesa, jiko linunuliwe sokoni Darajani. Kichwa cha gesi na mpira pia vinunuliwe huku, vya huko aghalabu havikai kwenye mitungi yetu.

Na mfundishe anayebaki nyumbani. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, na haidrojeni ndiyo zaidi, zikivuja hupanda. Gesi ya mtungi ni nzito, hutambaa sakafuni na kujaa pembeni. Ikinuka, funga mtungi, fungua mlango, swichi isiguswe, wala kuzima wala kuwasha. Kutafuta panapovuja ni povu la sabuni kwenye mpira, kiberiti hapana. Aliyeko Uingereza apige namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999, akiwa nje ya nyumba.

Mama sasa anapikia chai na wali kwenye mtungi, na polo la mkaa linakaa muda mrefu kuliko zamani. Mkate wa kumimina bado ni wa makaa. Anasema bila moto wa juu hauivi usoni, na mimi kwa hilo sibishani naye.