Kamera haionekani kwenye kompyuta ya mezani? Anza na waya

Umechomeka kamera, umeiwasha, kompyuta kimya. Wengi hapo hukimbilia kununua kadi ya matundu mapya ya USB, na mara nyingi hiyo ni hela ya bure. USB hukubali vya zamani na vipya pamoja: kamera ya USB 2.0 hufanya kazi kwenye tundu la buluu la USB 3.0, na ya 3.0 hufanya kazi kwenye tundu la 2.0, ila kwa kasi ya chini, yaani Mbps 480 badala ya 5,000. Tofauti ya namba hizo hukupunguzia kasi tu. Kama kamera haionekani kabisa, sababu iko kwingine.

Mshukiwa wa kwanza ni waya. Ndani ya waya kamili wa USB 2.0 mna nyaya 4: mbili za umeme, mbili za data. Nyaya nyingi zinazokuja na taa, spika au chaja za bei rahisi hazina zile mbili za data. Kwa nje huwezi kuzitambua. Kama ncha yake inaingia kwenye simu, chomeka simu kwenye kompyuta hiyo hiyo: ikichaji bila kuleta kabisa chaguo la kuhamisha faili, weka waya huo kando. Urefu nao usizidi mita 5, na usiunge waya wa kurefushia wakati wa majaribio.

Angalia ncha pia. Canon nyingi za zamani hutumia ncha ndogo iitwayo mini-B, ya pini 5. Nikon D5100 ina tundu la pini 8 linalofanana nayo kwa mbali. Ukilazimisha mini-B utapinda pini, na hapo ni fundi. Kamera kama Canon 5D Mark IV au Nikon D810 zina tundu pana la micro-B ya 3.0, lenye sehemu mbili. Ukikosa waya wake, micro-B ya kawaida huingia kwenye ile sehemu kubwa na picha zinahama, kwa kasi ya 2.0.

Sasa kompyuta yenyewe. Achana na matundu ya mbele. Hayo yameunganishwa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) kwa waya mwingine ndani ya kasha, ambao hulegea au kuchomekwa vibaya na aliyeiunganisha mashine. Ya nyuma yamechomelewa moja kwa moja kwenye madabodi. Usipitie habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) isiyo na umeme wake: tundu la 2.0 hutoa mA 500, na habu hugawanya kiasi hicho hicho kwa kila kilichochomekwa.

Kama bado, ingia kwenye menyu ya kamera. Zima Wi-Fi, kwa sababu Canon EOS nyingi hufunga USB Wi-Fi ikiwa imewashwa. Zuia pia kamera isijizime, na weka betri iliyojaa. Kwenye Sony, tafuta USB Connection ujaribu Mass Storage, kisha MTP, njia mbili za kuhamisha faili. Chaguo la PC Remote ni la kuongoza kamera kutoka kwenye kompyuta. Ukiliacha hapo, usishangae folda ya picha isipotokea.

Upande wa Windows, fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta) huku kamera imechomekwa. Kukiwa na alama ya njano na Code 43, kompyuta imehisi kifaa lakini mazungumzo yamekatika: bofya kulia, chagua Uninstall device, chomoa kamera, zima kompyuta, toa plagi ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15, kisha washa upya na utumie tundu jingine. Isipobadilika chochote unapochomeka, rudi kwenye waya. Windows 7 haina dreva (programu za kuendesha kifaa) za USB 3.0, hivyo tundu la buluu linaweza kuwa limekufa hadi uweke dreva za madabodi, tumia jeusi. Toleo la Windows lenye herufi N halitambui MTP mpaka uweke Media Feature Pack.

Kwenye Linux, andika lsusb kwenye terminal, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Kamera ikiwa kwenye orodha lakini gphoto2 (programu ya kuwasiliana na kamera) inalalamika kwamba haiwezi kuichukua, basi programu ya mafaili imeshaishika. Itoe kamera humo (unmount), ujaribu tena.

Una haraka? Toa kadi ya kumbukumbu uitie kwenye kadi rida. Ila rida iliyoandikwa SDHC imetengenezwa kwa kadi za hadi GB 32; ukiipa SDXC (aina ya kadi kubwa zaidi) ya GB 64 inaweza isiisome, au Windows ikuombe ufomati. Bonyeza Cancel, picha zako bado zimo.