Namna ya Kuandika Historia ya Vikosi vya Polisi vya Mpaka wa Teso na Karamoja

Anayetaka kuandika historia ya polisi wenye silaha nzito na mafunzo ya kijeshi katika mashariki ya Uganda hukwama mapema, kwa sababu majina ya vikosi hubadilika kila serikali inapobadilika au vita vinapozuka, ilhali watu wanaolinda mpaka huenda wakawa walewale. Mtu mmoja anaweza kuwa alianza kama mlinzi wa kijiji, akawa mpiganaji wa Arrow Boys, kundi la wanamgambo wa Teso, akaajiriwa kuwa askari polisi wa muda, yaani SPC, kisha akamalizia utumishi wake katika kikosi cha Polisi ya Uganda cha kuzuia wizi wa mifugo, ambacho wenyeji hukiita ASTU. Ukiandika sura moja kwa kila jina, utamkata mtu huyo vipande vinne na msomaji hatamwona. Kwa hiyo mwongozo huu unashauri kufuata mtu na bunduki yake, na kuyachukulia majina ya vikosi kama vituo alivyopitia tu.

Kabla hujazungumza na mtu yeyote, panga miaka. Usikawie sana kwenye enzi ya ukoloni. Yatosha kueleza kwamba Harry Johnston aliunda jeshi la askari wenye silaha mwaka 1899, kwamba Polisi ya Uganda ilichukua nafasi yake mwaka 1906 chini ya Kapteni William Edwards, na kwamba polisi hiyo ilizaliwa ikiwa na sura ya kijeshi, kwa gwaride na bunduki, kabla ya kuwa na upelelezi. Kazi yako yenye uzito inaanzia mwaka 1979, ambapo askari wa Idi Amin walikimbia kambi ya Moroto, iliyoko Karamoja, eneo la wafugaji linalopakana na Teso, na wenyeji wakavunja ghala la silaha. Wizi wa ng'ombe ulikuwapo tangu zamani, lakini bunduki zile za kisasa zilibadilisha ukubwa wake, na tangu hapo kila serikali imelazimika kuamua ni nani atakayesimama kati ya Karamoja na majirani zake.

Mwaka 1986 ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Katika utawala wa pili wa Milton Obote kulikuwa na Kikosi Maalumu cha polisi, kilichofunzwa kijeshi na chenye askari wengi kutoka Teso. Baada ya NRA, jeshi la msituni la Yoweri Museveni, kushika madaraka Januari 1986, kikosi hicho kilivunjwa, na wanamgambo waliokuwa wakilinda mpaka nao wakaondolewa. Uvamizi mkubwa ukafuata, Teso ikapoteza karibu mifugo yake yote, na wengi wa waliokuwa askari wa kikosi kile wakajiunga na waasi wa UPA waliopigana na serikali hiyo mpya. Wazee wa Teso hawakubaliani kuhusu nani alichukua ng'ombe wangapi: wapo wanaowataja Wakaramojong peke yao, na wapo wanaosisitiza kwamba askari wa serikali nao walishiriki. Usijaribu kumaliza ubishi huo kwa sentensi moja yako mwenyewe. Andika kila kauli pamoja na mahali mzungumzaji alipokuwa siku hizo na alichokiona kwa macho yake, kwa maana aliyekuwa zizini na aliyesikia habari akiwa Soroti mjini hawana ushahidi wa uzito mmoja.

Kutoka hapo nenda Juni 2003, ambapo waasi wa LRA wa Joseph Kony waliingia Teso na kushambulia Obalanga, ambayo leo iko katika wilaya ya Kapelebyong. Arrow Boys waliundwa katika msukosuko huo, wakihamasishwa na viongozi kama Musa Ecweru na Mike Mukula, na serikali ikawapa bunduki. Vita vilipohama, vijana wenye silaha na uzoefu walibaki, na baadhi yao wakaingizwa katika polisi ili walinde mpaka dhidi ya wezi wa mifugo. Hapa ndipo unapoona jinsi kikosi kilichozaliwa kwa ajili ya adui mmoja kinavyorithiwa kwa ajili ya adui mwingine, na ni lazima uulize kama mafunzo yao yalibadilika pia au ni sare peke yake.

Baada ya ratiba ya miaka, tafuta sheria. Ibara ya 212 ya Katiba ya 1995 inaipa polisi kazi ya kulinda maisha na mali, kudumisha sheria na utulivu, kuzuia na kugundua uhalifu, na kushirikiana na raia pamoja na vyombo vingine vya usalama. Weka ibara hiyo mezani unapopima kila kikosi, kisha jiulize maswali matatu: nani alikuwa akitoa amri, nani alikuwa akilipa mshahara, na askari akikosea alishtakiwa wapi. Majibu yakionyesha kwamba amri zilitoka jeshini huku mshahara ukitoka polisi, usilifiche jambo hilo, kwani ndilo linaloeleza kwa nini mwananchi aliyedhulumiwa hakujua apeleke malalamiko yake kwa nani.

Nyaraka zimetawanyika. Kumbukumbu za Taifa ziko Wandegeya, Kampala, na maktaba ya Makerere inafaa kwa magazeti ya zamani. Kwa matukio ya 2003 soma New Vision, Daily Monitor na pia Etop, lililoandikwa kwa Kiteso. Ripoti ya tume ya Jaji Arthur Oder, iliyotolewa 1994, inachunguza ukiukaji wa haki za binadamu kuanzia uhuru wa 1962 hadi Januari 1986, na haina budi kusomwa kwa ajili ya vikosi vya kabla ya NRA. Ukihitaji waraka ulio mikononi mwa ofisi ya serikali, andika maombi kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya 2005, ambayo inaipa ofisi siku 21 kujibu. Taja waraka mahususi na mwaka wake. Maombi ya jumla hukataliwa kirahisi, hasa yanapogusa usalama.

Mahojiano ndiyo moyo wa kazi hii. Askari wengi wastaafu huzungumza Kiswahili cha kambini, hata wale ambao nyumbani husema Kiteso au Kikaramojong, na lugha hiyo huwasaidia kukumbuka amri, vyeo na safari. Msalimie kwanza, mwite Mzee, au Afande kama alikuwa na cheo na mwenyewe anapenda kuitwa hivyo, na mweleze mapema utakayoyafanya kwa maneno yake. Usianze kwa kumuuliza alikuwa kikosi gani. Anza hivi: "Mzee, bunduki ya kwanza ulipewa na nani, na uliirudisha kwa nani?" Swali hilo fupi humtoa mtu kwenye majina na kumpeleka kwenye watu, mahali na tarehe, na mara nyingine hufichua kwamba bunduki haikurudishwa bali ilihamia kikosi kingine pamoja naye.

Akiwa na picha ya zamani, itazame naye taratibu. Angalia beji ya begani, mkanda, na viatu: sare kamili yenye kandambili miguuni inakwambia mengi kuhusu ugavi wa kikosi kuliko hotuba ya waziri. Geuza picha uone kama nyuma kuna muhuri wa studio au mwaka.

Kisha mwombe akusimulie msako mmoja tu, mwanzo hadi mwisho. Mwenye mali aliripoti saa ngapi? Nani alizisoma nyayo za kwato, na zilipopotea kwenye mawe au baada ya mvua walifanya nini? Walipofika mpakani walivuka, au waliwakabidhi wenzao wa upande wa pili? Ng'ombe walitambuliwa kwa alama za moto, kwa mikato ya masikio, au kwa neno la mwenye nyumba? Katika masimulizi ya namna hii ndipo wajibu wa kikosi unapoonekana waziwazi.

Vuka mpaka. Historia iliyoandikwa Katakwi pekee, upande wa Teso, ni nusu ya historia, na ninalisema hili kwa uzito kwa sababu maandishi mengi yanamwonyesha Mkaramojong kama mwizi asiye na jina. Nenda Napak na Moroto, upande wa Karamoja, uwaulize akina mama na wafugaji vikosi hivyo vilifanya nini vilipoingia kwenye manyatta, yaani maboma yao. Zoezi la kuwanyang'anya watu silaha lilianza Desemba 2001, likarudi kwa nguvu mwaka 2006, na mwaka 2007 Human Rights Watch ilieleza mateso na mauaji yaliyofanywa na wanajeshi katika zoezi hilo. Operesheni iliyoanza Julai 2021 iliitwa Usalama kwa Wote. Uliza kila upande kama uliupata usalama huo, na kwa muda gani.

Majina ya waliouawa, ya mashahidi na ya askari wanaotuhumiwa yatunze kwenye daftari tofauti lililofungiwa, na ndani ya maandishi tumia alama badala ya majina, isipokuwa kwa watu ambao mambo yao tayari yako hadharani. Rasimu ikikamilika, msomee kila mzungumzaji sehemu yake kwa lugha anayoielewa, sahihisha pale anapokuonyesha umekosea, na pale anapobadilisha kauli yake andika zote mbili pamoja na tarehe.