Ukitaka kukusanya vitu orijino vya vita kuu za dunia, anza na nishani yenye jina

Watu wengi wakianza kukusanya vitu vya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili wanakimbilia vile vinavyoonekana kwenye sinema, helmeti ya Kijerumani, Msalaba wa Chuma (nishani maarufu ya Wajerumani), kofia ya ofisa wa SS, kile kikosi cha Wanazi, na huko ndiko feki zilikojaa kuliko sehemu nyingine yoyote. Ushauri wangu ni uanze na kitu chenye jina la askari. Kitu chenye jina unaweza kukifuatilia, ukajua kilikuwa cha nani na huyo mtu alipelekwa wapi na kama alirudi, halafu ni kigumu zaidi kughushi maana jina lazima likubaliane na nyaraka zilizopo.

Kwa hiyo naanza na nishani za Waingereza za vita ya kwanza. Serikali yao iligonga namba, cheo, jina na kikosi cha askari kwenye nishani zenyewe. Kuna British War Medal ambayo ni ya fedha, na Victory Medal ya shaba yenye utepe wa rangi za upinde wa mvua, hizi mbili maandishi yake yapo ukingoni, yani pale kwenye unene wake, inabidi uizungushe mkononi uisome. Halafu kuna nyota mbili, 1914 Star na 1914-15 Star, hizo zimeandikwa mgongoni. Ile ya kwanza ni ya waliohudumu Ufaransa na Ubelgiji kati ya tarehe 5 Agosti na 22 Novemba 1914, na ya pili ni ya wengine walioingia uwanja wa vita kabla mwaka 1915 haujaisha.

Sasa shika hili vizuri maana litakusaidia sana: aliyepata nyota lazima alipata na zile mbili nyingine, na Victory Medal nayo haikutolewa peke yake, ila British War Medal ndiyo inaweza kuwa peke yake kihalali. Ukikuta nyota inauzwa yenyewe sio kwamba ni feki, ni seti iliyovunjwa, mtu aliona akiuza moja moja atapata zaidi. Mimi jambo hili linaniuma kweli, maana mtu alizipata zote tatu kwa damu yake, halafu leo moja iko nchi hii na nyingine bara jingine. Ukipata seti kamili usiivunje hata ukibanwa na hela.

Jinsi ya kukagua sasa. Chukua British War Medal, lenzi ya kukuzia na tochi, mulika ukingo kwa ubavu sio kwa juu, mwanga wa ubavuni unaonyesha mabonde. Herufi zimegongwa kwa nguvu zikaingia ndani ya fedha, kila moja imekaa kwenye shimo lake. Kama jina la zamani limesuguliwa likawekwa jingine, ukingo pale kwenye maandishi utakuwa umebonyea kidogo au umelainika kuliko sehemu nyingine. Tumia vernia kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo kwa usahihi; kipenyo cha nishani hii ni milimita 36, pima ukizungusha kila upande, na upande ambao kipimo kinapungua ndio unaoanza kuuliza maswali. Ukimaliza hapo linganisha maandishi ya nishani zote tatu, kwa kawaida namba inakuwa ileile na tahajia ya jina ileile. Cheo kikitofautiana usishtuke, nyota kwa kawaida ina cheo alichoingia nacho vitani na zile mbili zinakuwa na cheo cha baadaye, kwa hiyo ukiona praivati kwenye nyota na sajenti kwenye ile nishani ya fedha hapo umepata habari ya mtu aliyepanda cheo. Kuna pia British War Medal chache za shaba badala ya fedha, walipewa vibarua wa jeshi kama wale wa Chinese Labour Corps na Maltese Labour Corps, watu wengi wanazipita wakidhani ni kopi.

Ukishapata jina na namba nenda kwenye nyaraka. Hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza ina kadi za nishani za vita ya kwanza, unatafuta mtandaoni. Faili lenyewe la utumishi linaweza lisiwepo kabisa, maana bomu la Wajerumani lilichoma ghala la mafaili London Septemba 1940 na zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa kawaida yakaisha, ila kadi zilibaki. Wamarekani nao waliunguliwa St. Louis Julai 1973, karibu asilimia 80 ya mafaili ya jeshi la nchi kavu ya walioacha jeshi kati ya 1912 na 1960 yalipotea, kwa hiyo muuzaji akikwambia faili halipo inaweza kuwa kweli kabisa. Australia na Kanada mafaili yao ya vita ya kwanza yameskaniwa na kuwekwa mtandaoni bure, ndiyo maana mimi nampendekezea anayeanza atafute nishani ya Mwaustralia au Mkanada. Waliokufa angalia kwa Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa Uingereza na Jumuiya ya Madola, unaandika jina tu, unaona kaburi au ukuta alikoandikwa. Familia za waliokufa zilipewa sahani ya shaba ya milimita 120 yenye jina bila cheo chochote, maana kwenye kifo jenerali na praivati waliwekwa sawa, na ukiipata pamoja na nishani zake basi zikae pamoja.

Vita ya pili ni habari nyingine. Waingereza hawakugonga majina kwenye zile nyota zao za 1939-45, Africa Star, Burma Star na wenzake, waliokuwa wanaandika ni kama Waaustralia na Waafrika Kusini. Nyota isiyo na jina haikwambii chochote kuhusu mwenyewe, kwa hiyo hapa unanunua karatasi kuliko chuma: lile boksi dogo la kadibodi lenye anuani aliyotumiwa, kile kikaratasi kinachotaja nishani zilizomo, kitabu cha malipo, barua, picha. Bila hivyo unayo nyota tu na hadithi ya muuzaji, na hadithi ni rahisi kutunga, "babu yake aliitoa kwa ofisa wa Kijerumani" nimeisikia kwenye vitu ambavyo havijawahi kufika vitani. Hadithi isiyo na karatasi usiilipie hata senti.

Ukiona sasa umeiva na bado unataka vya Wajerumani, sawa. Msalaba wa Chuma umeundwa kwa vipande vitatu, kiini cha chuma kilichopakwa nyeusi katikati na fremu ya nusu mbili za rangi ya fedha zilizolehemewa kukizunguka, kwa hiyo sumaku ikiwekwa katikati kwa kawaida inashika. Uliomwagwa kipande kimoja kwenye kalibu kwa kawaida ni kopi. Kuna pia ile ya 1957, Ujerumani Magharibi iliruhusu wanajeshi wa zamani kuvaa nishani zao bila swastika, ile alama ya Wanazi, katikati wakawekewa majani ya mwaloni, hiyo ni halali na ina wakusanyaji wake ila sio ya wakati wa vita, usiuziwe kama ya vita.

Helmeti nazo zinasomeka ukijua pa kuangalia. Zina miundo mitatu, M35, M40 na M42, kwa kufuata mwaka. M35 ina ukingo uliokunjwa na tundu la hewa lenye kipete kilichowekwa tofauti, M40 tundu limebonyezwa kwenye bati lilelile, M42 ukingo haukukunjwa, umeachwa mkali umefunguka nje. Geuza uone ndani, kuna muhuri wa kiwanda na saizi ya chuma, mfano ET64 au Q66. Hapo ndipo wengi wanaishia na hapo ndipo feki nyingi zinakamatika, kwa sababu ngozi ya ndani nayo ina saizi yake na lazima ikubaliane na chuma, chuma cha 64 kinakaa ngozi ya 56 au 57, sasa ukikuta 64 imewekewa ngozi ya 60 ujue kuna mtu ameunganisha vipande vya helmeti mbili. Stika za nembo ndizo zinazoghushiwa zaidi, hasa za SS, mtu anachukua helmeti orijino ya kawaida anabandika stika bei inapaa. Angalia mikwaruzo: mkwaruzo wa kweli unapita kwenye rangi na kwenye stika kwa pamoja, na ukiona umekatika pale stika inapoanzia, stika imekuja baadaye.

Nguo haraka haraka. Mulika tochi ya UV, yani ya mwanga wa urujuanimno, gizani, uzi wa kisasa wa nailoni au polyester unang'aa, na hata kama umeng'aa bado usihukumu maana nguo ya zamani iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ya kisasa inang'aa pia, kwa hiyo angalia uzi uliojificha kwenye mshono wa ndani. Velcro, ile mikanda ya kubandika na kubandua, ikiwepo hiyo ni ya baada ya vita. Vitu vya Waingereza tafuta muhuri wa mshale mpana, alama ya mali ya serikali yao, na mwaka.

Kuhusu hatari naomba unisikilize vizuri. Kombora au bomu la mkono ambalo hujui lilizimwa na nani, usilishike, usilinunue, usilitikise uone kama kuna kitu ndani, ondoka uite polisi, kule Ubelgiji na Ufaransa wakulima bado wanafukua makombora ya vita ya kwanza kila mwaka na mengine yana gesi. Vinyago vya gesi vya zamani usivivae hata kwa picha, vichujio vya vingi vina asbestosi. Dira na saa za ndege zenye maandishi yaliyokuwa yaking'aa gizani zina radiamu, madini yenye mionzi ya hatari, hata kama mng'ao umekufa radiamu bado ipo, usifungue kioo na usikwangue.

Na usichimbe kiholela. Ufaransa ukitembea na mashine ya kutafuta chuma kutafuta vitu vya kihistoria bila kibali ni kosa, na Uingereza mabaki ya ndege za kijeshi zilizoanguka yanalindwa na sheria ya 1986. Ila zaidi ya sheria kuna hili: kidani cha askari wa Kijerumani, kile kibati cha shingoni cha kumtambulisha, kilitengenezwa kikatike vipande viwili, akifa nusu inachukuliwa kwa ajili ya rekodi na nusu inabaki na mwili. Kidani kizima kilichotoka ardhini kinaweza kuwa cha mtu ambaye hakuna aliyewahi kuripoti kifo chake, na Volksbund, shirika la Ujerumani la makaburi ya vita, mpaka leo inatafuta na kuzika hawa watu. Anayekiuza amemwondolea marehemu jina lake. Hicho mimi sinunui kwa bei yoyote, na nakuomba na wewe usinunue.

Sheria nyingine cheki kabla ya kulipa, Ujerumani kuonyesha swastika hadharani ni kosa isipokuwa kwa mambo kama elimu na utafiti, na Marekani kuuza Medal of Honor, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa, ni kosa kabisa.

Ukishakuwa navyo, usipolishi. Ule weusi kwenye fedha ni umri wake, na kila ukisugua unakula herufi za jina ulilohangaika kulitafuta. Shika kwa glavu, nishani zisigongane, nguo zilale kwenye karatasi isiyo na asidi mbali na jua, na usiweke kitu kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, inatoa kemikali inayoacha utandu wa kijani kwenye shaba. Unyevu usipandepande na kushuka, chumba cha kawaida cha kuishi ni bora kuliko dari au stoo ya chini.

Na kila kitu kiwe na karatasi yake: ulinunua kwa nani, lini, muuzaji alisema nini, wewe ulithibitisha nini na nini hukuthibitisha, hivi viwili viandike sehemu tofauti. Andika kwa penseli, bandika namba kwenye boksi sio kwenye kitu, picha za ukingo wa kila nishani zihifadhi sehemu nyingine mbali na nyumbani, na mwambie mtu mmoja wa familia daftari liko wapi ili siku vitu vikigawanywa seti zisitenganishwe.