Kujitolea Ujerumani kwa mwaka mmoja ukitokea Arusha au Moshi

Usianze na Kikosi cha Mshikamano cha Ulaya (European Solidarity Corps), mpango wa kujitolea wa Umoja wa Ulaya: kinalenga zaidi vijana wa Umoja wa Ulaya na nchi jirani. Mlango ulio wazi kwako ni Bundesfreiwilligendienst, huduma ya kujitolea ya serikali ya shirikisho ya Ujerumani, kwa kawaida miezi 12, kwenye shule za chekechea, nyumba za wazee au vituo vya walemavu. Unapata posho, bima, na mara nyingi chumba. Mwenye chini ya miaka 27 huhudhuria pia siku 25 za semina kwa mwaka.

Kwanza Kijerumani. Anza miezi sita kabla, maana mzee wa miaka themanini hatakuelewa kwa Kiingereza.

Kisha majina. Hapa ndipo wengi hukwama: cheti cha kuzaliwa kinasema Neema Elias, cha kidato cha nne Neema E. Mushi. Linganisha herufi kwa herufi, urekebishe RITA (wakala wa vyeti vya kuzaliwa) au kwa kiapo mbele ya wakili kabla ya kwenda Uhamiaji kuomba pasipoti.

Viza huombwa ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, ukiwa na mkataba wa kujitolea uliosainiwa. Wakala anayekuahidi viza kwa pesa bila mkataba huo, mkatae.