Kutafuta Kingo za Korosho katika Picha kwa Njia ya Canny

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi wa Mtwara na Lindi wanaotaka programu itambue mipaka ya kila korosho iliyobanguliwa, ili nzima zitenganishwe na vipande. Kwa kompyuta, picha ni jedwali la namba, na ukingo ni mahali ambapo namba hizo zinabadilika ghafla. Njia iliyofuatwa hapa ni ile ambayo mtafiti wa kompyuta John Canny aliichapisha mwaka 1986, na ambayo imo katika OpenCV, maktaba ya programu za kuchakata picha.

Hatua ya 1: Piga picha. Tandaza korosho bila kugusana juu ya kitambaa cheusi kisichong'aa, mahali penye mwanga uliotawanyika. Jua kali la mchana hutupa kivuli chenye ukingo wake, na hakuna hesabu katika hatua zinazofuata itakayojua kwamba kivuli hicho si korosho.

Hatua ya 2: Geuza picha iwe ya kijivu. Kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, hupewa namba moja, kuanzia 0 kwa nyeusi hadi 255 kwa nyeupe, kwa kujumlisha nyekundu mara 0.299, kijani mara 0.587 na buluu mara 0.114.

Hatua ya 3: Lainisha picha kwa kichujio cha Gauss, ambacho huipa kila pikseli wastani wa majirani zake, walio karibu wakihesabiwa zaidi. Usiiruke, kwa sababu hatua inayofuata hupima tofauti, na chenga za kamera, yaani vidoa vidogo visivyo sehemu ya kitu chenyewe, nazo ni tofauti. Lakini ukilainisha kupita kiasi, ufa mwembamba unaotambulisha korosho iliyopasuka utafutika pia.

Hatua ya 4: Pima mabadiliko kwa vichujio vya Sobel, yaani majedwali madogo ya namba: kila namba huzidishwa na pikseli iliyo mahali pake, kisha majibu hujumlishwa. Cha mlalo kina safu tatu: -1, 0, 1, kisha -2, 0, 2, kisha -1, 0, 1. Chukua pikseli tisa ambazo kila safu yake ni 40, 40, 200, yaani kitambaa kushoto na korosho kulia. Tofauti ya 160 inahesabiwa mara moja, mara mbili, kisha mara moja, na jumla ni 640. Kichujio cha wima, ambacho ni hichohicho kilichogeuzwa, kinatoa 0 kwa kuwa safu zote zinafanana. Kwa hiyo ung'avu unabadilika kutoka kushoto kwenda kulia, na ukingo wenyewe umesimama wima. Kwa jumla, nguvu ya ukingo ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya majibu hayo mawili.

Hatua ya 5: Kondesha mistari, kwa kubakiza tu pikseli inayowazidi majirani zake wawili katika mwelekeo wa mabadiliko.

Hatua ya 6: Weka vizingiti viwili, yaani viwango viwili vya nguvu ya ukingo, kikubwa na kidogo. Pikseli iliyo juu ya kizingiti kikubwa inakubaliwa. Iliyo chini ya kizingiti kidogo inatupwa. Iliyo katikati inabaki ikiwa tu imeungana na iliyokubaliwa. Canny alipendekeza kikubwa kiwe mara mbili hadi tatu ya kidogo. Mistari ikitokea ndani ya korosho, mara nyingi ni mabaki ya ganda jembamba la kahawia, basi pandisha kizingiti kikubwa kwanza. Mipaka ya nje ikikatika, shusha kile kizingiti kilicho kidogo. Ikiwa kurekebisha kimoja kunaharibu kingine kila mara, rudi hatua ya 1 urekebishe mwanga.