Kabla ya kumwona daktari wa saratani ya matiti: kagua kinyama chako kwanza

Beba daftari. Nenda na ndugu mmoja, awe huyohuyo kila kliniki, maana ukishatajiwa saratani masikio yanaziba na atakayesikia yaliyobaki ni yeye. Kadi ya bima na majibu yote ya nyuma yakae bahasha moja. Dawa za miti shamba zitaje, usizifiche. Zipo zinazogombana na kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani.

Sasa kinyama, yaani nyama ya uvimbe inayopelekwa maabara kupimwa. Uvimbe unatolewa, unatiwa kwenye chupa, ndugu anakabidhiwa aupeleke maabara. Kabla hajatoka mlangoni aulize: humu ndani ni fomalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhi nyama isiharibike, au ni maji ya dripu tu? Fomalini iwe mara 10 ya nyama yenyewe. Hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo donge la ukubwa wa limao likitumbukizwa zima, nje linahifadhika vizuri na katikati linaharibika. Lichanwe kwanza. Lisikae nje ya fomalini zaidi ya saa moja, wala ndani yake kupita saa 72. Chupa iandikwe jina, titi la kulia au la kushoto, na saa uvimbe ulipotolewa.

Kosa la hapo halionekani siku hiyo. Linakuja kuonekana kwenye karatasi ya majibu: vipokezi vya homoni (sehemu za chembe zinazoshika homoni) hakuna, kumbe vilikuwepo, vimeharibikia njiani. Mama wa watu anakosa tamoksifeni, dawa ya wenye vipokezi hivyo, kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 au zaidi, cha bei nafuu, ambacho kingempunguzia hatari ya ugonjwa kurudi.

Karatasi isiyo na ER na PR (ndivyo vipokezi vya homoni) na HER2 (protini ya kwenye chembe za saratani) haijakamilika, hata kama imeandikwa saratani kwa herufi kubwa. Usikimbilie kukatwa tena. Maabara huhifadhi kinyama ndani ya bloku ya nta. Omba bloku hiyo ipimwe vipokezi, na ukihamishiwa hospitali kubwa kama Ocean Road, Bugando au KCMC uliza kama inatakiwa huko. HER2 ikiwa 0 au 1 ni hasi, 3 ni chanya. Ikiwa 2, bado haijaamuliwa, inataka kipimo kingine. Asikusomee mtu kuwa ni hasi.

Halafu daraja siyo hatua. Daraja la 3 maana yake chembe zina sura mbaya na zinakua kasi. Hatua ya 3 maana yake ugonjwa umeenea tezi za jirani au ngozi. Wapo wanaoona "3" wakaaga watoto, na uvimbe wao ni wa sentimita moja na nusu.

Muulize daktari: tunatibu tupone, au tunapunguza makali? Kemo ni mizunguko mingapi, kila baada ya siku ngapi? Kwa nini ianze kabla ya upasuaji? Kama bado unataka mtoto, sema kabla ya dripu ya kwanza. Nunua kipimajoto: ukiwa kwenye kemo homa ikifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, usimeze panado ukalala. Na karatasi zote zitolee kopi, halisi zibaki kwako.